Athanas na Popo wa Al Rayyan

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Athanas, fundi viyoyozi, mtu wa Songea. Amefariki hapa Doha akiwa na miaka hamsini na mmoja. Miaka minne hakufika kwao. Shikeni hapo: miaka minne.

Athanas hakuwa mtu wa maneno. Kule Industrial Area, kwenye kambi ya wafanyakazi, katika chumba cha watu sita, alikula akitazama ukuta. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya dari, penye mabomba ya hewa baridi. Huko hukaa popo.

Mwaka wake wa kwanza, katika nyumba moja ya Najma, alingoja popo watoke jioni, akaziba tundu. Akajiona mjanja. Asubuhi akaitwa: dari inalia. Popo mama walikuwa wamefungiwa nje, na watoto wasiojua kuruka wamebaki ndani. Alipofungua, wengi walishakufa. Akawashusha ndani ya kopo la biskuti.

Tangu hapo hakuziba tundu mpaka watoto waweze kuruka. Ndipo aliponing'iniza penye tundu mfuko wa wavu ulio wazi chini. Popo anatoka, kurudi hawezi.

Juni hii popo walizaa juu ya dari ya villa moja, Al Rayyan. Mwenye nyumba alikubali kusubiri wiki tatu. Lakini ruhusa ya Athanas ya kwenda likizo nyumbani ilikuwa imetoka. Safari ni Alhamisi. Akiondoka, fundi mwingine angeziba siku ileile, na Athanas alilijua hilo. Akasogeza safari.

Mutai, Mkenya aliyekuwa mwenzake kazini na chumbani, alimjia juu.

"Buda, popo hawana leave. Wewe unayo! Enda home!"

"Wiki tatu tu, Mutai."

"Na ukiambiwa mijusi imetaga?"

Athanas akageukia ukuta wake.

Kwenye simu, bintiye Peninah, wa miaka kumi na miwili, alimuuliza: "Baba, hao popo wana watoto wangapi? Maana wewe unao wawili."

Siku ya kumi na saba hakuamka. Moyo, walisema madaktari. Zilibaki siku nne.

Mutai akaiomba kazi ile. Akangoja siku nne, akaweka wavu, kisha akaziba.

"Niliweka sikio kwa dari kwanza," anasema. "Kimya. Wote walikuwa wametoka. Nikakaa huko juu nikalia, sababu sikuwa na mtu wa kumwambia."

Athanas amezikwa Songea. Pole sana Mama Peninah. Poleni watoto na ndugu wote.

Wasikilizaji wapendwa, popo wale wako hai. Yeye hakufika kwao akiwa hai. Sitawaambia alikosea, wala sitamsifu mpaka nifiche uchungu wa mtoto. Peninah alituambia: "Ningependa angekuja kwanza."

Una haki, mwanangu. Nanyi mlioko kambini, mliosogeza safari kwa sababu nzuri, lifikirieni kidogo neno la mtoto huyu.