Mkeka Ulioletwa Njombe

Kamwene, ndugu zangu. Mniruhusu niongee nikiwa nimekaa, sababu mtaiona.

Mnanijua kama yule anayechapa barua hapa Makambako, karibu na stendi. Kabla ya hapo nilikuwa Njombe, kwenye ofisi ya mawakili, kwa mkataba wa muda mfupi. Ukikaribia kuisha, unasubiri kuona kama wataongeza. Nawaambia, mtu wa mkataba haugui. Hata kikombe sikupeleka changu, nilinywea cha wageni, maana sikujua kama kesho nitakuwepo.

Kazi yangu ilikuwa kuchapa nyaraka za mirathi. Marehemu huyu, mjane yule, kutwa nzima.

Mama yangu akafariki hapa Makambako, mkataba ukiwa ukingoni. Nilikuja, tukazika, na asubuhi yake nikapanda gari kurudi Njombe, matanga hayajaanuliwa. Hakuna aliyeniita. Niliogopa tu kwamba wakikuta kiti changu kitupu, wataona kinaweza kubaki kitupu. Wakili akasema, "Pole sana. Lile faili la mirathi limefikia wapi?" Nikamwambia. Kisha nikachapa neno marehemu, na vidole havikusita.

Mkataba wakaongeza. Sikufurahi, ndugu zangu. Kuhuzunika pia sikuhuzunika. Nilikula, nikalala, nikaamka, kama mtu anayeyafanya hayo kwa niaba ya mwingine.

Jumamosi moja nikasikia hodi. Ni akina mama watatu wa jumuiya ya mama yangu, wametoka huku Makambako na unga, maharage na mkeka.

"Tumekuja msibani," akasema mkubwa wao.

"Mama, msiba si ulishakwisha?"

"Kwetu umekwisha. Wewe hukukaa. Sogeza hicho kiti."

Wakatandika mkeka chumbani kwangu, wakawasha jiko, baridi ya Njombe mnaijua, wakanikalisha katikati. Hawakuhubiri. Walipika tu na kupiga soga. Mmoja akaniuliza, "Hivi mama yako, maharage alikuwa anatia chumvi saa ngapi?"

"Mwishoni," nikasema. "Na akisahau, anatugombeza sisi."

Wakacheka. Nami nikacheka, ila kicheko hakikufika mwisho. Nililia mpaka maharage yakaungua, na hakuna aliyenyanyuka kuyaepua.

Mkataba uliofuata hawakuongeza. Niliosha kile kikombe cha wageni, nikakirudisha kabatini, nikaaga. Niliumia, na niliujua uchungu wangu.

Akina mama wale wamo humu, hawapendi kutajwa. Asanteni. Sitawadanganya kwamba nimepona kabisa, kuna siku bado sisikii kitu. Lakini msiba ukikufika, kaa chini. Ofisi itasubiri, na isiposubiri, basi. Na ukimwona mwenzako amewahi mno kurudi kazini, usimsifu ujasiri, mfuate.

Mkeka wao hawakuondoka nao. Ndio huu nilioukalia.