Kilatini cha Mezani kwa Cosmas

Lanham, Maryland
Jumamosi, tarehe 6 Septemba 2025

Ndugu Bomani, Mwenyekiti wa Umoja wetu wa familia zinazosomesha watoto nyumbani. Bi Lorraine, mwalimu na mlezi wetu. Ndugu wageni waalikwa. Wazazi wenzangu mliotoka Silver Spring, Columbia Heights na hapa hapa Lanham. Na ninyi watoto, mlioahidiwa pilau mkitulia:

Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa imani yake na kwa salamu ya kwao.

Mwenyekiti ameniomba nifungue mwaka wa masomo na nitangaze mtaala wa Kilatini tutakaoutumia, maana kamati ilishindwa kukubaliana ikaniachia mimi uamuzi. Nilimwambia amekosea mtu. Mimi niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani mwao. Kilatini alikijua mume wangu, Cosmas, aliyekisoma seminari kabla hajagundua, kama alivyopenda kusema, kwamba wito wake ulikuwa unauza maandazi nje ya geti. Muuza maandazi huyo ndiye anayezungumza nanyi leo.

Mlimzika pamoja nami mwezi wa pili, siku ya theluji, na wengi wenu hamkuwa na viatu vya theluji. Sijasahau.

Wageni wetu labda hawakumjua. Cosmas alikuwa dereva wa basi la shule. Asubuhi aliwapeleka watoto wa watu shuleni, kisha akarudi nyumbani kuwafundisha wa kwake na wa kwenu, ambao shule hawaendi. Na jirani alipomuuliza jambo hilo linakaaje, alijibu kwamba hata mpishi wa hoteli hula kwake. Alifundisha akiwa bado na koti la kazi, kikombe cha chai mkononi. Neno la Kilatini alilisoma kwa sauti, na pale penye mkazo akagonga meza kwa kijiko. Ile meza ina alama mpaka leo.

Sasa niwaulize, wazazi wenzangu: watoto wetu wanatujibu kwa lugha gani? Tunawaita kwa Kiswahili, wanaitika kwa Kiingereza. Wanaelewa kila kitu, hasa tunapowasema, lakini hawafungui mdomo. Cosmas hakuwagombeza. Aliwawekea sharti moja tu, kwamba mezani kwake Kilatini hakigeuzwi kuwa Kiingereza. Kinageuzwa kuwa Kiswahili. Walipolalamika kwamba sifa inabadilika kufuata jina, kwamba mvulana mzuri ni puer bonus na msichana mzuri ni puella bona, aliwauliza kama kwao wanasema kitabu mzuri. Wakacheka. Kitabu kizuri, vitabu vizuri. Kumbe jambo hilo walilinyonya na maziwa ya mama. Penda ni ama, pendeni ni amate. Hivyo ndivyo watoto waliokuja kujifunza lugha ya Warumi walivyoanza kusema ya mama zao.

Mwezi wa sita kamati ilikaa na mitaala miwili. Wa kwanza ni wa video: mwalimu yumo kwenye skrini, mazoezi yanasahihishwa na kompyuta, mzazi anaweza kwenda zake kazini. Wa pili ni kitabu chembamba chenye michoro isiyo na rangi, na utangulizi wake unasema wazi kwamba mtu mzima lazima aketi na mtoto na asome somo kabla yake.

Dada Mumbi, ambaye hazungushi maneno, alisema: "Mama Anitha, hiyo ya video iko sawa. Sisi wote tuko kazi. Nani ataketi na hao watoto?"

Ndugu Bomani naye, aliyejifunza Kiswahili ukubwani kwa jasho lake mwenyewe, aliuliza kwa nini tuhangaike na lugha ya Warumi, wakati babu zake walipokonywa za kwao utumwani na yeye amechukua nusu ya maisha kuitafuta moja. Swali hilo ni zito. Jibu langu ni kwamba binti yako, Mwenyekiti, alianza kukujibu kwa Kiswahili akiwa anatafsiri habari za mkulima na ng'ombe wake pale mezani kwetu.

Kisha Bwana Khalfan akasema watoto wake Kiarabu wanacho chuoni wanakosoma Kurani, Kiingereza wanacho mtaani; "Sasa hicho Kilatini, Bi Genoveva, watasema na nani? Na maiti?"

Khalfan akashika kichwa, akaanza kuniomba radhi. Nikamwambia asiombe, kwa kuwa mimi ninaye mmoja ninayetaka kusema naye. Tangu siku ile, Khalfan ndiye anayenipigia simu kila Ijumaa kuniuliza nimefika somo la ngapi.

Lakini sikutaka kuamua kwa majonzi. Nilichukua video kwa majaribio, nikaketi na Anitha, binti yangu. Mwalimu wa kwenye skrini akatamka agricola, mkulima, akakaza "gri". Anitha akasimamisha video. Baba yake siku zote aligonga kijiko kwenye "ko", mpaka watoto wakasema limekuwa kola, jina la soda.

"Mama, huyu amekosea," akaniambia.

Tukaendelea. Likaja dominus, likaja discipulus, na kila mara mwalimu alikaza mahali pengine. Mtoto akasimamisha tena, na safari hii aliniuliza polepole, kwa Kiswahili: "Au ni Baba aliyekosea?"

Mngemjibu nini? Nilimpigia simu Bi Lorraine, ambaye Kilatini alikifundisha hadi kustaafu. Akaja, akasikiliza video, akamsikiliza na Anitha akisoma kama baba yake. Akacheka taratibu, akasema, "Genoveva, mumeo alisoma Kilatini chote kama Kiswahili. Kila neno alikaza silabi ya pili kutoka mwisho."

Ndugu zangu, nilicheka mpaka nikalia. Miaka yote ya seminari, na mapadri wote wale, hakuna aliyeweza kumtoa mama yake mdomoni.

Anitha hakucheka. Aliulizia neno moja tu. Cosmas alipomaliza somo hakuwaambia watoto kwaheri; alisema mementote, yaani kumbukeni, wasije wakaacha masomo pale pale mezani. Anitha akauliza kama na hilo baba alilikosea. Bi Lorraine alilitamka kwa uangalifu, tena na tena, kama mtu anayeonja chumvi.

"Hapana," akasema. "Mkazo wake uko pale pale. Hilo alilipatia kabisa."

Ndugu Mwenyekiti, uamuzi wangu ni huu. Tunachukua kitabu.

Tunakichukua tukijua kasoro zetu. Matamshi ya Cosmas tutayasahihisha, maana hakuwa mtu wa kuogopa kusahihishwa, na mtoto hapaswi kubeba kosa kwa sababu ya mapenzi. Bi Lorraine amekubali kuja kutusikiliza. Agricola itakazwa panapostahili, na soda tutainywa na pilau. Lakini skrini haiwezi kumuuliza mtoto kama kwao wanasema kitabu mzuri. Skrini haijui kwao ni wapi.

Nitaketi mimi. Somo nitalisoma kabla yao, hata kama ni kwenye treni nikirudi kutoka kwa mzee ninayemtunza, na nisipolielewa nitawaambia watoto sijalielewa. Nanyi pia mtaketi. Dada Mumbi, najua kazi. Nami ninafanya kazi. Nasema hili kwa upole lakini sitalirudisha: mtoto ambaye mzazi wake hataki kuketi naye hata mara moja kwa mwezi, akapime mwenyewe ugumu wa lile somo, basi mtaala wa video upo na ni mzuri, nitamsaidia kujaza fomu zake. Mezani kwangu nataka mtu na mtoto wake.

Namshukuru Mwenyekiti kwa kuniamini, Bi Lorraine kwa kutuambia ukweli, Khalfan kwa zile Ijumaa, na akina mama walioamka mapema kupika. Ninyi nyote nawashukuru kwa kunivumilia na kunisikiliza.

Jumanne tunaanza. Kijiko kipo pale pale. Mkipita barabara ya kwetu na kumsikia mama wa darasa la saba akigonga meza, mkumbukeni Cosmas, na mimi pia mnikumbuke.

Mementote.