Mzee wa Vyuo vya Bei Nafuu

Télesphore Ntahondi anastaafu tarehe 31 Desemba 2004, baada ya miaka ishirini na sita katika kituo chetu cha kuwashauri wanafunzi wanaotafuta vyuo vya nje. Wasifu huu ameuandika mwenyewe, kwa sauti ya kituo. Ndiyo desturi ya kituo tangu vita vianze: tulichoka kusikia watu wakisifiwa makaburini, tukakubaliana kwamba anayeondoka akiwa hai ajieleze mwenyewe, na wenzake wafute sifa zote watakazozikuta. Mistari minne imekwisha kufutwa. Ilikuwa mizuri.

Alianza kama karani wa kubandika stempu, akawa mshauri wa wanafunzi wa uchumi kwa sababu aliyekuwa na kazi hiyo alihama nchi. Uchumi wenyewe hakuusomea. Alichokuwa nacho ni njia yake ya kupima vyuo. Karo hakuiamini, maana chuo huandika karo ndogo mbele, kisha malazi na bima yakajificha ukurasa wa nyuma. Yeye aliwaandikia wanafunzi waliotangulia, akawauliza sahani ya maharage inauzwaje karibu na lango la chuo. Palipokuwa na maharage rahisi, ndipo alipowapeleka wengine.

Njia hiyo iliwafaa wengi. Haikumfaa sana Destin, kijana wa Kajaga, aliyepelekwa kwenye mji mmoja wa baridi ulioshinda miji yote kwa unafuu. Mshauri wetu hakuuliza maharage yale yanaliwa na nani. Kumbe ilikuwa bei ya chakula cha ng'ombe. Destin aliyala hivyo hivyo mpaka akapata shahada, akaandika kwamba hayana neno ukiyachemsha siku nzima.

Kisha ikaja zamu ya binti yake, Joëlla, aliyekuwa akisoma uchumi hapa mjini. Masomo yalisimama kila bunduki zilipolia milimani, na ujana wake ulikuwa unapotea bure. Mtu angedhani baba mwenye kazi kama ile angemaliza jambo hilo asubuhi moja. Yeye lilimchukua miaka miwili. Dar es Salaam kuna joto. Nairobi ni kubwa mno. Kampala, ambako Joëlla alikuwa amekwisha kukubaliwa, maharage yalikuwa rahisi kuliko ya mtaani kwake Musaga, basi mshauri akatoa hoja kwamba hawayatii mafuta ya mawese. Ofisini tulicheka, tukidhani anatania.

Julai 2003 mabomu yalifika Musaga, familia ikakimbilia kwa ndugu huko Kigobe. Chuo cha Kampala kilitaka jibu kabla ya mwezi kwisha. Mstaafu, ameketi juu ya godoro kwenye sebule ya watu, akaanza tena habari za mawese. Mkewe, Marguerite, alimkatiza mbele ya mashemeji wote: "Baba Joëlla, chuo haiko ghali. Ni weye ndio uko ghali."

Kweli alikuwa anaogopa. Ndiye mtoto wake wa pekee, na nyumba bila yeye alishindwa kuipigia hesabu. Jibu la kukubali likapelekwa Kampala kesho yake. Siku ya safari alimsindikiza Joëlla hadi kwenye basi, akalia waziwazi mbele ya wazazi wengine, ambao yeye mwenyewe alikuwa amewashauri wajikaze.

Joëlla sasa yuko mwaka wa pili na hajapoteza muhula hata mmoja. Kituo kilipouliza mstaafu anapenda zawadi gani, wengi waliwaza saa ya ukutani. Yeye ameomba tiketi ya basi ya kwenda Kampala, kwa kuwa miaka yote hii hajawahi kukiona kwa macho yake chuo hata kimoja kati ya vile alivyowasifia watoto wa watu.

Anawashukuru wenzake kwa tiketi hiyo, na kwa kumvumilia. Nawe Télesphore, tunakutakia safari njema na maisha mema. Ukifika langoni, usiulize bei ya kitu chochote. Mkumbatie mtoto.