Mzee Joto na Bahari Iliyo Chini ya Mawingu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika idara yetu ya utabiri wa hali ya hewa, Mzee Joto anastaafu. Jina hilo tulimpa sisi. Chumba chetu hupoozwa kwa ajili ya mitambo, naye hakuwahi kuvua sweta lake la kijivu. Sisi tukikodolea macho picha za setilaiti, yeye aliuliza: bahari ina joto kiasi gani, na joto hilo limefika kina gani?

Alitufundisha kwamba dhoruba hulishwa na bahari. Maji yenye joto hutoa mvuke, mvuke hujenga mawingu, na upepo hupata nguvu. Lakini upepo huohuo huikoroga bahari na kupandisha maji baridi, dhoruba ikakosa chakula. Ndiyo maana mawingu hujaa, yakasinyaa, kisha yakajaa tena. Bahari na anga, alisema, ni wanandoa wasioachana wala kupatana.

Mwaka mmoja somo hilo lilimponyoka mwenyewe. Dhoruba mbili zilifuatana, naye akaipima ya pili kwa joto la bahari lililopimwa kabla ile ya kwanza haijayakoroga maji. Mitaa ya pwani ikahamishwa, pamoja na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Mawingu yalisambaratika juu ya maji baridi. Watu walilala sakafuni shuleni kwa sababu ya manyunyu, na waliporudi walikuta wezi wamepita. Dada alimwambia wazi kwamba hahami tena kwa ajili ya mawingu yake.

Angeweza kunyamaza. Alikwenda kwenye shule ileile, akasimama mbele ya watu, akaeleza alipokosea na kuomba radhi. Walimzomea mpaka mwisho. Tulimwonea uchungu sana.

Msimu uliofuata ikaja dhoruba nyingine. Kwenye picha mawingu yake yalikuwa yamechanikachanika, na wengi wetu tulitaka kuondoa tahadhari. Mzee Joto alitazama vipimo vya siku hiyohiyo: maji yenye joto yalikuwa yamekwenda chini sana, hivyo upepo ungekoroga joto juu ya joto, bila kupandisha maji baridi. Alikataa katakata. Kisha akampigia dada yake simu, akamsihi ahame. Dada alinung'unika, akamwita mbishi tangu utotoni, lakini akasema mtu aliyekubali kuzomewa kwa kosa lake hana sababu ya kumdanganya. Akawatoa majirani mlango kwa mlango. Kufikia alfajiri mawingu yalikuwa yamejaa upya. Nyumba ya dada ilikwenda na maji; ndani hamkuwa na mtu.

Mzee Joto hakutaka pongezi. Aliketi kwenye kiti chake akalia mbele yetu sote, kisha akaomba vipimo vipya vya bahari.

Asante, Mzee wetu, kwa elimu yako, na zaidi kwa ujasiri wa kusema ulikosea. Tunakutakia afya njema na usingizi mzito hata upepo ukivuma. Zamu sasa ni yetu.