Chumba cha Bibi Ngoja Kisiwe Stoo

Mheshimiwa Mganga Mkuu wa hospitali yetu, waheshimiwa madaktari na wauguzi, wazee wangu, ndugu wagonjwa na sisi tunaowauguza, na wewe mstaafu wetu, mtaalamu wa usemi, tuliyekubandika jina la Bibi Ngoja: shikamooni. Mniwie radhi, huyu wa mgongoni hajalala, kwa hiyo na mimi sijalala.

Mume wangu, yule pale wa shati la kijani, ni fundi cherehani. Mwaka juzi kiharusi kilimpiga ubongo upande wa kushoto, maneno yakapotea. Nikimuuliza, "Baba, chai?" anajibu, "Hapana." Basi naondoa kikombe. Siku tatu, ndugu zangu, nilimnyima chai mtu anayeitaka! Siku ya nne alikikamata kikombe kwa mkono wake mzima, machozi yanamtoka, anasema, "Hapana! Hapana!"

Nilipomsimulia Bibi hayo, alicheka kwanza. Kisha akaniambia, "Mwanangu, anachotaka anakijua. Barabara kuu ya kwenda kwenye neno imebomoka. Tutapita njia za panya."

Akaweka mkasi mezani. Mume wangu akaushika, akakata hewa vizuri kabisa, ila jina halikuja. Nikadakia, "Mkasi!"

"Ngoja!" Bibi akanikemea. "Neno lilikuwa lake, umemlia!"

Nani kati yetu anaweza kukaa kimya dakika nzima akimtazama ampendaye anahangaika? Bibi aliweza, kila Jumanne, miezi minane, mpaka neno likatoka limelowa jasho. Leo fundi wangu anampima mteja na kumuuliza mwenyewe, "Mkono... mrefu? Mfupi?" Matusi ndiyo hayakupotea hata siku moja, Bibi anasema ubongo huyapitisha mlango mwingine.

Sasa Mheshimiwa, nasema kwa heshima, lakini nasema. Tumesikia kwamba Bibi akiondoka, chumba chake kitafanywa stoo ya magodoro. Leo asubuhi benchi la nje lilikuwa na watu saba. Mmoja ni mwalimu wa hesabu. Majirani wamemwambia mkewe kwamba amerukwa na akili. Nani atamweleza mama yule kuwa akili ya mumewe ni nzima? Magodoro?

Bibi, ulinirudishia mume nikiwa nimeshaanza kumlilia kama marehemu. Asante haitoshi.

Msaidizi uliyemfundisha miaka mitatu amekaa mstari wa nyuma, na ufunguo wa chumba umo mkobani mwako. Mheshimiwa, mwambie Bibi amkabidhi nani, leo, mbele yetu sote. Mimi nimemaliza, ila sishuki mpaka nione.

Asanteni kwa kunivumilia na kunisikiliza.