Jaketi Ndani ya Nailoni

Mbele yangu ndani ya basi alikaa baba mmoja mwenye fimbo ya kuvulia, akienda ziwani likizo na bintiye. Mtoto amelala, na baba amepakata jaketi dogo la kujiokolea, jekundu, bado limo ndani ya nailoni yake. Sipendi kuingilia ya watu, ila masikio hayana kifuniko.

Mama wa kiti cha pili akamuuliza, "Baba, hilo utalifungua lini?"

"La kuazima, dada. Shemeji kasema lirudi kama lilivyo. Kesho nitaliweka karibu, chini ya kiti cha boti. Kibali cha kuvua ninacho, askari wakija nawaonyesha vyote viwili."

"Askari utawaonyesha. Na maji je?"

"Maji yenyewe yametulia kama chai kwenye sahani."

Shati lake lilipigwa pasi hadi kwenye mikono. Watu nadhifu namna ile ni wagumu kushaurika.

Mama hakucheka. "Kaka yangu naye alikuwa mtunzaji. Boti ilipopinduka, jaketi lake tulilikuta linaelea, limefungwa vilevile, kavu. Yeye tulimpata siku ya pili."

Baba akaligeuza jaketi mapajani. "Pole sana, dada. Lakini shemeji yangu humjui."

"Simjui. Akiuliza, mwambie lililowa."

Basi likasimama. Baba akamwamsha mtoto, wakashuka. Binti ndiye aliyelibeba jaketi, kajitwika kichwani, na nailoni ikawa inachakarisha kwa upepo wa ziwani.