Puto la Penseli

Benchi letu limekaa kati ya kidirisha cha Fundi Saa na mlango wa Kinyozi, na mguu wake mmoja umewekewa kigae ili lisiyumbe. Mimi ndiye muuza kahawa wa hapo. Asubuhi ile niliwakuta wateja wangu wamekaa kabla hata sijawasha mkaa, wamenuna kama timu iliyofungwa nyumbani. Sababu naijua. Jana yake tulijazana kwa Kinyozi kutazama sherehe ya tuzo za filamu kwenye televisheni, maana binti wa Fundi Saa, yule tunayemwita Penseli tangu alipokuwa akichora kwenye kuta zetu na kuchapwa, alikuwa ameingiza filamu yake ya katuni kugombea filamu bora. Tulikaa mpaka wakazima taa za jukwaani. Hatukumwona, wala jina lake halikutajwa. Ndipo alipompigia baba yake simu: filamu walikuwa wameihamishia kundi la filamu za watoto, huko ikashinda, na tuzo yenyewe alipewa mchana, kamera hazijawashwa.

– Mchana! alisema Breki. Huyu ni dereva wa teksi, na jina hilo tulimpa kwa sababu mdomo wake hauna. – Mchana, watu wanapanga viti! Hiyo ni tuzo au wamemnyamazisha tu?

– Shusha sauti, nilimwambia. – Mwenye mtoto yuko hapa.

Fundi Saa alikuwa amejibana kile kioo chake jichoni, anapuliza saa ambayo haikuwa na vumbi lolote. Hakuinua kichwa.

– Mimi nawaelewa hao majaji, alisema Mwalimu, ambaye alistaafu shule lakini kufundisha hajastaafu. – Majaji ni akina nani? Ni waigizaji wenyewe. Sasa mwigizaji anamwona mtu wa kuchorwa analia vizuri kumshinda, halafu hachelewi kazini, haugui, hazeeki. Utampigia kura mtu anayekuja kukutoa kwenye kiti?

– Hapo umenena, alisema Breki.

– Hajanena kitu, alisema Kinyozi. Alikuwa ametoka na mashine mkononi, ndani amemwacha mteja kanyolewa upande mmoja. – Tatizo ni lile zulia jekundu. Ile sherehe si ya filamu, ni ya nguo na vichwa. Watu wanataka kuona nani kavaa nini, nani kasukwa vipi. Mtu wa kuchorwa utampitisha wapi? Nani atamsuka?

– Si angepita Penseli mwenyewe? niliuliza.

– Penseli ana nywele za kusuka? Mimi ndiye ninayemnyoa!

– Nyote mmepotea njia, alisema Breki, akasimama, maana mambo mazito hawezi kuyasema ameketi. – Nisikilizeni. Ile tuzo ni sanamu ya mtu, si ndiyo? Mtu wa chuma. Sasa majaji wakikubali kwamba picha nayo ni mtu, ile sanamu itakaa kimya? Kesho itadai nayo ipewe tuzo! Zitagoma zote makabatini. Wataendesha sherehe na nini, na sufuria?

Mwalimu alipaliwa na kahawa, ikabidi nimpige mgongoni.

– Mkono wake ulivimba, alisema Fundi Saa.

Alikuwa bado ameinama.

– Alichora mpaka mkono ukavimba. Akaufunga kitambaa, akaendelea. Mamake mdogo alikuwa akimlisha kama mgonjwa, kijiko kwa kijiko, huku anachora kwa mkono ule ule. Halafu wanamwambia wameipenda, itawafaa watoto.

– Nawasha gari sasa hivi, alisema Breki. – Tunawafuata hao watu kwao. Wote! Na Mama Kahawa na birika lake!

– Gari lako hilo lisilopanda mlima? aliuliza Mwalimu.

– Tutashuka tusukume.

Walikuwa wakibishana nani akae mbele Penseli alipokata kona, begi mgongoni, sweta limeviringishwa kwapani.

– Shikamooni.

– Marahaba, mwanangu, nikawahi mimi. Wanaume wote walisimama kana kwamba kaingia mkaguzi.

– Mbona hukusema unakuja? aliuliza baba yake.

– Nilipanda basi la alfajiri. Kule hakukuwa na cha kungoja.

Macho yake yalikuwa mekundu. Wao hawakuliona hilo. Mimi mwanamke mwenzake nililiona. Akalifungua sweta, akaiweka tuzo juu ya benchi. Haikuwa kama zile tulizoziona kwenye televisheni. Ilikuwa ndogo, yenye rangi rangi, na mkononi imeshika puto.

– Puto, alisema Breki, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akakosa la kuongeza.

Basi wakamkalisha katikati, nikampa kahawa, wakaanza kumpa nadharia zao zote, wanarukiana: waigizaji waoga, zulia jekundu, sanamu zinazogoma. Alicheka mpaka akafuta machozi. Hata baba yake alitabasamu. Penseli akanywa funda moja, akatutazama mmoja mmoja kwa furaha, kama mtu aliyekuwa akilingojea jambo hilo njia nzima.

– Haya. Na nyinyi wenyewe, kwenye filamu, mlipenda pale wapi?

Mwalimu alitazama viatu vyake. Kinyozi alikumbuka mteja wake, lakini hakuondoka. Ile filamu ilipoonyeshwa kwenye ukumbi wa sinema, Penseli alituletea tiketi kila mtu kwa mkono wake. Mwalimu akawapa wajukuu. Kinyozi akampa mwanawe. Breki alisomba watoto wa mtaa mzima kwenye teksi, kisha akalala ndani ya gari mpaka walipotoka. Mimi niliwafikisha wa jirani mlangoni, nikarudi kwenye mkaa wangu.

– Baba?

Fundi Saa alikivua kile kioo jichoni, akakishika kwa mikono miwili.

– Niliwapeleka watoto wa dada yako. Nikawanunulia karanga, nikawaingiza, nikakaa pale kwenye ngazi. Nilidhani, mwanangu... katuni. Nilidhani ni yao.

Penseli alishamalizana na majaji njiani, huko huko ndani ya basi. Hili lilikuwa jingine. Akaitazama barabara, nami nikajua sasa atabeba begi lake aende.

– Kumbe sisi na majaji tumekaa benchi moja, alisema Breki, taratibu.

Penseli akapekua begi lake.

– Kinyozi, televisheni yako ina pa kuchomeka flashi?

– Ina.

– Basi libebeni hilo benchi, mliingize ndani.

Wakalibeba. Mteja aliyenyolewa nusu akasogea, akataka kuuliza, akaona nyuso zetu akaacha. Penseli akachomeka, akabaki amesimama ukutani, hakai.

Mwanzoni mwa filamu hakuna anayesema. Ni chumba, bado giza giza, watu wamelala. Mama mmoja anaketi kitandani, anashusha miguu, anatafuta kandambili. Hainami, hawashi taa. Anapapasa sakafu kwa unyayo, polepole, anaipata moja, ya pili anaivuta kwa kidole gumba kutoka uvunguni. Anainuka. Bega la kushoto linashuka kidogo kuliko la kulia.

Nilimtambua kabla hajageuza uso. Yule alikuwa shoga yangu, mamake Penseli. Tulimzika wakati binti yake bado anavaa sare za shule. Nikakiweka kikombe chini.

– Ndivyo alivyokuwa akifanya, alisema Fundi Saa. – Hakutaka kuniamsha.

– Kwani ulikuwa macho? aliuliza Penseli.

– Kila siku. Nilijifanya nimelala, asije akaona kazi yake imeharibika.

Penseli akaja akaketi karibu yake. Fundi Saa hakumtazama, alimshika tu ule mkono aliochorea, akauweka gotini kwake.

– Irudishe.

– Wapi, Baba?

– Pale anaposhusha miguu.

Mlango ukagongwa, mtu akachungulia, kichwa chake msitu.

– Kinyozi, leo hamnyoi? Mna nini humo?

– Subiri nje kidogo, ndugu yangu, Kinyozi alimnong'oneza, akauegesha mlango. – Kuna mama anatafuta kandambili zake, hataki kumwamsha mtu.